Kulwa anaongea, Doto kimya: niuze ng'ombe niende Dar?

Barua za wasomaji hujibiwa na mtaalamu wa tiba kazi (tiba ya kumwezesha mtu mwenye shida ya mwili au makuzi kufanya shughuli zake za kila siku) aliyesomea hospitali ya KCMC, Moshi, na ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na watoto katika hospitali za mikoa. Majina ya wasomaji yameondolewa au kubadilishwa.

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mapacha wa kiume, wana miaka mitatu na nusu. Kulwa anaongea mpaka anachosha. Doto hana neno hata moja. Nikimwita hageuki, lakini akisikia mlio wa pakiti ya biskuti anakuja mbio kutoka uani. Akitaka maji ananishika mkono ananivuta mpaka kwenye ndoo. Anapenda kuzungusha vifuniko vya sufuria, anakaa navyo asubuhi nzima. Zahanati waliniambia watoto wa kiume huchelewa kuongea. Kituo cha afya wakasema ni usonji, niende Muhimbili akapigwe picha ya kichwa. Mama mkwe anasema mila za mapacha hazikukamilishwa, ndiyo maana. Baba yao yuko tayari tuuze ng'ombe wawili. Tuuze?
Mama Kulwa, Kahama

JIBU: Mama Kulwa, ng'ombe waache zizini kwanza.

Nianze na picha ya kichwa, kwa sababu ndiyo inayotaka kula hao ng'ombe. Usonji, yaani tofauti ya makuzi ya ubongo inayogusa mawasiliano na namna mtoto anavyohusiana na watu, hauonekani kwenye picha, wala kwenye damu. Mtaalamu huutambua kwa kumtazama mtoto akicheza na kwa kukaa na mzazi kumhoji kwa kirefu. Picha ina kazi yake: mtoto akiwa na degedege zinazojirudia, kichwa kikikua kupita kiasi, upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu, au mtoto akianza kupoteza uwezo aliokuwa nao. Katika barua yako sioni hata moja kati ya hayo. Nimeona wazazi wengi wakirudi mkoani na bahasha kubwa ya picha iliyoandikwa kuwa kila kitu ni sawa, na nauli imeisha, na mtoto hajaangaliwa na mtu hata robo saa.

Kipimo cha kwanza anachohitaji Doto ni cha masikio. Utaniambia anasikia pakiti ya biskuti. Ni kweli, lakini mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kusikia leo, kesho asisikie, na anaweza kusikia mlio wa karatasi huku maneno yakimfikia kama minong'ono. Kabla ya mtu yeyote kumwita Doto jina lolote la ugonjwa, masikio yapimwe. Bugando pale Mwanza kuna idara ya masikio, pua na koo, kuna madaktari wa watoto na wa afya ya akili, na ni karibu sana na wewe kuliko Dar es Salaam. Omba rufaa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa, usiende kienyeji. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 anahudumiwa bila malipo katika vituo vya serikali, ingawa hali ya pale dirishani nyote mnaijua. Bugando ni ya Kanisa Katoliki kwa ubia na Serikali, kwa hiyo ulizia gharama mapema, na ukifika mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujafungua pochi. Kusikiliza watu wasio na uwezo ni kazi yake, si hisani.

Siwezi kusema kwa barua kwamba Doto ana usonji au hana. Naweza kusema kwamba dalili ulizoandika zinaelekea huko: haitiki jina lake, anakuvuta mkono badala ya kunyoosha kidole, anavutwa na kitu kinachozunguka kuliko mtu. Na yule wa zahanati aliyekutuliza, akutulize kwa jambo lingine. Watoto wa kiume wanaweza kuwa nyuma kidogo ya wasichana, lakini si kufika miaka mitatu na nusu bila neno. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, "mama njoo," "taka maji," huyo tayari ni wa kuangaliwa.

Utakapokwenda, beba kadi ya kliniki ya kila pacha, si ya Doto peke yake. Doto ndiye aliyezaliwa wa pili. Kumbuka kama alilia mara moja, alikuwa na uzito gani, kama alikuwa wa manjano siku za kwanza, kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mwombe mtu akurekodie kwa simu video fupi: Doto akila, Doto na vifuniko vyake, wewe ukimwita jina kwa nyuma, Doto na Kulwa wakiwa pamoja. Mtoto akiingia kwenye chumba kigeni chenye watu wenye makoti meupe hubadilika, na daktari ana foleni nje ya mlango. Video ya dakika moja ya nyumbani kwako inamwonyesha asichoweza kukiona pale.

Na usingoje siku hiyo ya Mwanza ndipo uanze. Chukua uji wa asubuhi. Kijiko cha kwanza mpe. Cha pili kilete karibu na uso wako, usawa wa macho yake, kisha unyamaze. Kweli unyamaze, hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Hesabu moyoni mpaka kumi. Akikutazama, akinyoosha mkono, akitoa hata "mmm," hiyo ni kuomba. Sema "uji" mara moja, na umpe hapo hapo. Usimwambie "sema uji, sema uji," kwa sababu mtoto asiyejua kuongea akilazimishwa kusema hujifunza kukukimbia. Vijiko vitano vya namna hiyo vinatosha, vingine mpe ale ashibe. Vifuniko navyo usimnyang'anye. Kaa chini naye, chukua kifuniko chako, zungusha kama anavyozungusha, kisha usimamishe kwa kiganja na umtazame. Siku atakayokutazama kukuuliza kwa macho kwa nini umesimamisha, hapo mazungumzo yameanza. Zungumza naye kwa maneno machache: "maji," "maji baridi," si hotuba. Kulwa naye umwambie asimsemee mwenzake kila kitu. Mapacha wana tabia hiyo.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Kama mila zenyewe ni ngoma, chakula na baraka za wazee, zifanyike, familia itulie, na bibi ajisikie ana sehemu kwa mjukuu wake. Utamhitaji sana miaka ijayo. Mipaka ni hii: hakuna chale, hakuna moshi wa kuvuta, hakuna dawa ya kunywa, na tarehe ya hospitali haisogezwi.

Wale wa Bugando wakisema Doto anahitaji kuonwa Muhimbili, watakuandikia rufaa yenye sababu. Hapo ndipo tutaongea habari za ng'ombe, na huenda akatosha mmoja.

SWALI: Binti yangu ana miaka minane, yuko darasa la pili. Alianza kifafa akiwa na miaka mitano na anatumia fenobabitoni. Kuanguka kumepungua sana, namshukuru Mungu. Lakini mwaka huu amekuwa hatulii, anapiga wenzake, usiku anaamka anaamka. Mwalimu mkuu ameniita akasema nimtafutie shule ya watoto wa aina yake, na kwamba wazazi wengine wanaogopa povu. Nimepanga kumpunguzia dawa kidogo kidogo nione kama atatulia.
Baba wa wanne, Tanga

JIBU: Baba, usipunguze hata nusu kidonge kabla hujaongea na waliomwandikia. Fenobabitoni ikikatwa ovyo inaweza kuleta degedege zisizokatika, na hizo zinaua.

Ila hisia yako haijapotea njia. Fenobabitoni ni dawa ya zamani, ni rahisi, inapatikana, na imeokoa watu wengi. Kwa baadhi ya watoto, hata hivyo, huleta hali hiyohiyo unayoeleza: kutotulia, hasira za haraka, usingizi wa kukatikakatika. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mtoto mwenye shida za tabia au ulemavu wa akili apewe dawa nyingine pale inapopatikana. Kwa hiyo rudi kliniki na useme kwa maneno haya: "Tabia imebadilika, nataka kujua kama ni dawa." Ukisema tu "mtoto mtundu," utaambiwa mtandike au mvumilie. Waulize kuhusu kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa. Haifai kwa kila aina ya kifafa, kuna aina inazozizidisha, ndiyo sababu wanatakiwa kujua anaangukaje. Kuna valproeti pia, lakini kwa mtoto wa kike daktari lazima afikirie mbali, kwa sababu ina madhara makubwa kwa mimba.

Kabla ya kwenda, pata daftari la kurasa chache. Upande mmoja andika kila anapoanguka, saa na ilivyokuwa. Upande mwingine andika alilala saa ngapi na siku gani alipiga watu. Mwombe mwalimu wa darasa, siyo mwalimu mkuu, akuangalizie jambo moja: je, kuna nyakati anasoma kwa sauti kisha anakatika katikati ya neno, macho yanaganda sekunde chache, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Hicho nacho kinaweza kuwa kifafa. Mtoto anayekatika namna hiyo mara nyingi kwa siku hupoteza nusu ya somo, anaonekana mvivu au mkaidi, na mtoto anayeitwa mkaidi kila siku hatimaye hupiga mtu.

Kuhusu shule: povu haliambukizi. Mwambie mwalimu mkuu kwa heshima kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya hali yake ya afya au ulemavu, na kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake. Akikaza shingo, nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri. Lakini jaribu kwanza njia laini. Mwombe muuguzi wa kituo cha afya aende pale shuleni nusu saa awaonyeshe walimu la kufanya: alazwe ubavu, kola ilegezwe, hakuna kijiko mdomoni, hakuna kushika miguu, saa itazamwe, na zikipita dakika tano apelekwe hospitali. Walimu wengi wanaotaka mtoto aondolewe wanaogopa tu kwamba atawafia mikononi.

SWALI: Mdogo wangu aliyeko Uingereza amenitumia video inasema chanjo ya surua ndiyo inaleta usonji. Mwanangu anatakiwa kuchanjwa mwezi ujao. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mpeleke akachanjwe. Maneno hayo yalianza na Andrew Wakefield, daktari wa hukohuko Uingereza, aliyechapisha mwaka 1998 makala kuhusu watoto 12 tu katika jarida la Lancet. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Tafiti zilizofuatilia watoto wengi mno katika nchi mbalimbali hazikukuta uhusiano wowote. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda: hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na miezi 18 ndiyo umri ambao wengi huanza kugundua kwamba mtoto haitiki jina. Tena rubela ikimpata mama mjamzito, anaweza kuzaa mtoto kiziwi, mwenye mtoto wa jicho, mwenye tundu kwenye moyo. Mdogo wako msalimie.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi, nalea mjukuu wangu wa miaka sita. Hasemi, lakini alikuwa mpole. Tangu baada ya Idi kubwa amekuwa akijing'ata mkono mpaka unatoka damu, na akijigonga kichwa ukutani, usiku zaidi. Mama yake yuko Muscat anafanya kazi, alisafiri kabla ya Ramadhani. Jirani amenambia nimpe dawa ya mafua apate kulala, na nikenda sokoni nimfunge mguu kwa kanga kitandani asije akatoka njiani. Nimechoka mwanangu.
Bibi, Unguja

JIBU: Shikamoo Bibi, na pole sana.

Mtoto asiyesema akibadilika ghafla, mimi huuliza kwanza: anaumwa wapi? Hawezi kukwambia jino linamuuma, ila anaweza kujigonga upande ule ule kila usiku. Leo akiwa ametulia, chukua tochi ya simu umtazame mdomoni, mpaka magego ya nyuma. Tazama kama fizi imevimba au jino limekuwa jeusi. Nusa masikio; sikio lenye usaha lina harufu. Kumbuka alienda choo kubwa lini mara ya mwisho, na kilikuwaje, kwa sababu watoto wa namna hii wengi hula vitu viwili vitatu tu, wali mkavu na chipsi, na tumbo hufunga siku nyingi. Ukikuta lolote, mpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, na uwaambie "mtoto ameanza kujiumiza, nadhani ana maumivu." Usiseme "amekuwa mkorofi." Jino bovu moja likitolewa, tabia iliyowatisha watu miezi inaweza kwisha siku mbili. Nimeshaiona hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nilikasirika kwamba hakuna aliyefungua mdomo wa mtoto.

Kama haumwi, basi tutazame saa. Mwombe mjukuu mwingine au kijana wa jirani akuandikie kila mara anapojigonga: ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini kabla, na baada yake wewe ulifanya nini. Baada ya wiki mtaona mtindo. Huenda ni kelele za televisheni ya jirani. Huenda ni usiku, saa ile ambayo mama yake alikuwa akimlaza. Amesafiri kabla ya Ramadhani, na hakuna aliyeweza kumweleza mtoto huyu mama amekwenda wapi. Mama apige simu ya video kila siku saa ile ile, hata kama mtoto anatazama ukuta. Aimbe alichokuwa akimwimbia. Kanga aliyoivaa mama, isiyofuliwa, ilale naye.

Anapojigonga usipige kelele wala usimpe pipi anyamaze, akijifunza kwamba kujigonga kunaleta pipi tumekwisha. Weka mto au godoro baina ya kichwa na ukuta, mshike mabega kwa uzito kidogo, na umpe jambo la mkono ule anaoung'ata: kitambaa kilichofungwa fundo, cha kutafuna.

Dawa ya mafua isiwe dawa ya usingizi. Inapumbaza, na kwa watoto wengine hufanya kinyume, wakakesha. Na kumfunga, Bibi, hapana. Moto ukiwaka hawezi kukimbia, na ngozi huota kidonda hata kwa kanga laini. Mlango uwekewe komeo juu, asipofikia, na kuwe na mtu ndani. Huyo mtu ndio jambo la kumwambia bintiyo: katika fedha anazotuma, kiasi kitengwe cha kumlipa kijana wa mtaani akae na mtoto kwa muda wa saa mbili kila siku ili wewe uende sokoni na upumzike. Muulize na sheha akuunganishe na ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar. Pale utakuta wazazi na mabibi wenzako, na huko utasikia mambo ambayo mimi sikuyasomea.

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya mkoani Rukwa. Kila mwezi naletewa watoto ambao hawajakaa, hawajatembea, hawasemi, au wana fujo za kupindukia. Nawaandikia rufaa. Mama anarudi baada ya miezi na karatasi imeandikwa "aendelee na mazoezi." Mazoezi gani? Nyie wataalamu mko mijini. Mnataka sisi tufanye nini?
Tabibu, Rukwa

JIBU: Tabibu, hiyo karatasi naijua, na una haki ya kukasirika. Maneno matatu hayo ni matusi kwako na kwa mama aliyepanda magari mawili kutoka Laela. Watu wanapozungumzia kuboresha huduma za kibingwa kwa watoto hawa hutaja majengo na mashine. Mimi ningeanza na karatasi ya kurudi. Iseme mtoto alionwa na nani, amekutwa na nini, mama afanye jambo gani moja nyumbani na mara ngapi, wewe umtazame lini, na namba ya simu ya aliyeandika. Hakuna bajeti inayohitajika hapo, ni adabu ya kazi. Mpaka wakubwa waiamuru, ilazimishe wewe: kwenye rufaa yako, chini kabisa, andika swali moja mahususi. "Je, misuli yake imekaza au imelegea, na nimketishe vipi wakati wa kula?" Swali mahususi ni gumu kulijibu kwa "aendelee na mazoezi."

Pili, siku. Katika hospitali nyingi za mikoa mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo huambiwa fiziotherapia ni Jumanne, tiba kazi Alhamisi, daktari wa watoto wiki ijayo, dawa za kifafa jengo jingine. Anaacha baada ya mzunguko wa kwanza, na kwenye faili tunaandika "hakurudi." Wote hao wangekaa chumba kimoja, asubuhi moja kila mwezi, meza mbili na mkeka sakafuni. Nimewahi kufanya kazi mahali tulipofanya hivyo, na mtoto mmoja aliyekuwa akipaliwa kila mlo alibadilishiwa mkao, unene wa uji na dawa katika kikao kimoja, kwa sababu tuliokuwa tunamwona tulikuwa tunasikilizana.

Sasa kwako. Watoto wengi unaowaona walianzia chumba cha kujifungulia: hawakulia walipozaliwa, walikuwa njiti, manjano ilizidi, au baadaye malaria ilipanda kichwani. Fungua daftari la hao. Mtoto yeyote aliyehitaji kusaidiwa kupumua, aliyepata degedege wiki ya kwanza, au aliyetoka wodini baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo, aandikwe na aitwe kila baada ya miezi mitatu. Usimngoje ashindwe kutembea. Miezi ya kwanza ndiyo tunaweza kumfundisha mama kumbeba, kumgeuza na kumlisha kabla viungo havijakaza.

Na wale wasio kwenye daftari utawapata kwenye chanjo. Muuguzi anapima uzito, anaweka nukta, anachoma sindano, "haya, mwingine." Nukta ya uzito tunaipenda kwa sababu inachorwa. Serikali yenyewe ilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwaka 2021, kwa hiyo una pa kushikilia ukimwambia muuguzi aongeze maswali. Miezi 9: anakaa bila kushikiliwa? anageukia sauti? Miezi 18: anatembea? anaonyesha kwa kidole kitu anachokitaka? anaitika jina? Maswali hayo ni ya dakika moja, na foleni haitakufa. Ukitaka kitu kamili zaidi, jirani zetu wa Kilifi, Kenya, akiwemo mtafiti Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha makuzi cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kinacholingana na maisha ya vijijini, mtoto haulizwi picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona.

Unasema wataalamu tuko mijini. Ndiyo, na hata mijini tu wachache, na wengine niliosoma nao sasa wanauza vifurushi vya simu kwa kukosa nafasi za ajira. Kuelekeza hospitali ziajiri ni la wizara na halmashauri, na wasomaji wenye diwani wamsumbue. Ila usiamini kwamba bila sisi hakuna linalofanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, milimani kule Ulanga, kwa watu waliokuwa wametengwa hadi na ndugu zao. Dawa ilikuwa hasa fenobabitoni. Kilichofanya kazi ni dawa isiyokatika, daftari, na mtu mmoja anayewajua wagonjwa kwa majina. Wewe hivyo vyote unaweza kuvipata.

Upo pia mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafundisha wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya makuzi, usonji ukiwemo. Ni vikao 9 vya kikundi na matembezi 3 ya nyumbani, na umeundwa ili uendeshwe na watu wasio mabingwa: muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, hata mzazi mwenzao. Umejaribiwa Kenya na Ethiopia miongoni mwa nchi nyingine. Ndani yake kuna mambo yaleyale niliyomwambia Mama Kulwa hapo juu kuhusu kijiko cha uji: kumfuata mtoto anachopenda, kusubiri, kumjibu akijaribu. Mwombe mganga mkuu wa wilaya muupate. Huku mkisubiri, wachague akina mama watano wenye watoto wanaofanana, wape asubuhi moja kwa mwezi chini ya mwembe wa kituo chako, na wewe ukae nao nusu saa tu. Yule wa mwaka wa tatu atamfundisha wa mwezi wa kwanza jinsi ya kumkalisha mtoto kwenye beseni lililojazwa nguo pembeni asianguke. Hakuna bingwa wa Dar anayelijua beseni lako.

Ukipata jambo gumu, piga simu idara ya utengamao (walipo watu wa fiziotherapia na tiba kazi) ya hospitali yako ya rufaa ya mkoa na umwombe mmoja wetu jina na namba yake binafsi. Wengi tutakupa.

Barua kuhusu watoto wanaokojoa kitandani na ile ya kigugumizi kutoka Singida nitazijibu toleo lijalo. Wanaouliza mahali pa kununua dawa za "kuamsha ubongo" zinazotangazwa kwenye simu, jibu ni hapana, msizinunue.